Mkono wa Daktari Ostermann

Mwanangu Afrah,

Umetoka na baba yako kwenda Seeb kuwaaga mashangazi, na mpaka mrudi nna wasaa wa kukaa peke yangu. Masanduku yako yamefungwa. Sitakuandikia habari za makoti, wala nyama ya halali, wala namna ya kupika wali katika jiko la umeme. Hayo mashangazi wanakwambia sasa hivi, na wakimaliza wataanza tena. Mie nnataka kukueleza habari za Daktari Ostermann. Nimeamua kuandika kwa sababu nikikwambia kwa mdomo utanikatiza. Utasema, "Hiyo naijua, mama." Huijui.

Unayoijua ni ile ya harusini. Wanawake wameshiba, kahawa inapita, mama yako mdogo anapiga makofi anasema, "Zuwena, wahadithie ulivyomsimamisha Mjerumani!" Nami nahadithia, wao wanacheka, mmoja anapiga kigelegele. Umeisikia tangu mdogo. Mwaka huu ukaiandika katika maombi yako ya kwenda kusomea macho Ujerumani, ukanisomea jikoni nakanda unga: mama yangu ni muuguzi aliyethubutu kumzuia bingwa. Nikakwambia vizuri, nikaendelea kukanda. Tangu siku hiyo sina raha. Unakwenda kushika kisu katika macho ya watu, na unakwenda na hadithi ambayo mie mwenyewe nimeisuka mpaka ikapendeza.

Basi kaa kitako uisome ilivyokuwa.

Unajua kwamba tulipokuja kutoka Unguja mie nilikuwa msichana, na Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha Msahafu, na hakuna mtu Maskati anayeuza nyanya kwa Kiarabu hicho. Wenzangu skuli walinicheka mpaka nikajifunza. Nilipomaliza uuguzi nilipelekwa wadi ya macho kwa sababu moja tu: wazee wetu waliorudi kutoka Unguja, Mombasa, Bujumbura, wengi hawakujua lugha nyengine ila Kiswahili, na daktari mkubwa wa macho alikuwa Mjerumani anayesema Kiingereza kikavu na maneno machache ya Kiarabu. Alitaka mdomo. Nikawa mdomo wake. Baadaye nikawa yule anayesimama ubavuni kwake chumba cha operesheni na kumpa vyombo mkononi.

Wazee waliona taabu kulitamka jina lake, wakamwita Dakta Othmani. Bibi yako mpaka anakufa aliamini kwamba moyoni yule bwana alikuwa Mwislamu.

Afrah, usije ukafikiri nnataka kumdogosha. Kabla yake, hospitalini kwetu mtu akitolewa mtoto wa jicho alipewa miwani mizito kama vitako vya chupa, akaenda zake akijigonga kwenye milango. Yeye ndiye wa kwanza pale kumtia mtu lenzi ndani ya jicho lenyewe. Na kabla ya hapo, alikwenda vijijini ndani, akapanga madesiki ya skuli yakawa vitanda, akawapasua wanawake wenye vikope, wale ambao kope zao zimegeuka zinawakwaruza jicho usiku na mchana. Mie nilishika taa. Aliinama juu yao mpaka akishindwa kuunyoosha mgongo tulimwinua mie na dereva, huku na huku. Hakula mpaka wa mwisho ameshuka mezani.

Na yeye ndiye wa kwanza pale kushona kioo cha jicho cha maiti juu ya jicho la mtu aliye hai. Kilikuja kwa ndege, ndani ya kisanduku cha barafu, na yeye mwenyewe alikwenda kukipokea uwanjani, hakumwamini mtu. Mgonjwa alikuwa mzee aliyeishi gizani tangu ujanani. Siku ya kufunguliwa bendeji mkewe alivaa nguo ya sikukuu akasimama mbele yake. Mzee akatazama, akatazama, akasema, "Kumbe umezeeka hivi!" Mama wa watu akatoka nje analia. Sote tulicheka kwa aibu. Ostermann hakucheka. Alisema, "Anaona mikunjo. Kazi ni nzuri." Akaandika, akaita mwengine.

Ndivyo alivyokuwa. Alijali jicho, na mtu aliyelibeba jicho hilo alimwona kama kizuizi tu.

Nilipompa koleo lisilokuwa lenyewe alinipiga nalo vidoleni, mbele za watu, bila kuinua macho kwenye darubini. Nilizoea kuja nyumbani na alama, na baba yako akiuliza nikimwambia mlango. Palikuwa na daktari mchanga kutoka India, Daktari Joseph, mtu mpole. Siku moja Joseph alikata jicho la mgonjwa upana zaidi ya ilivyotakiwa. Ostermann akamwambia, mgonjwa yu macho anasikia, "Nenda soko la Mawaleh ukauze mboga. Papai halilalamiki." Na kila daktari mchanga alipoingiwa na khofu mkononi, Ostermann alisimama nyuma yake akasema polepole, "Endelea. Wanakutazama." Neno hilo lilikuwa baya kuliko koleo. Nimewaona wanaume wazima wakitoka pale wakaenda kutapika.

Lakini ngoja nikueleze na ya mama wa Sidab, maana bila hiyo utamwona mtu mbaya tu, na mie sitaki uone jambo hili jepesi.

Alikuja mama kutoka Sidab na wanawe wawili, mmoja wa umri wa kuanza skuli kamshika mkono, mwengine mchanga kampakata amefunikwa. Yule mkubwa mboni zake zote mbili zilikuwa nyeupe, amezaliwa nazo, na bibi yake alikuwa akimtia dawa za kienyeji. Ostermann akamtazama, akaniambia, "Mwambie amechelewa. Angemleta akiwa mchanga angeona. Sasa hata nikisafisha macho, ubongo haukujifunza kuona. Hatasoma maisha yake. Mwambie hivyo."

Mie nikamgeukia yule mama, nikamwambia kwa Kiarabu, "Daktari anasema tumuombe Mungu, na urudi tena baadaye, inshaallah kheri."

Akapiga meza. Alikuwa akifahamu Kiarabu kuliko alivyokisema. "Sista, sikukuweka hapo uwe mwema. Sema nilichosema."

Nikasema. Neno kwa neno. Yule mama alinitazama mie, hakumtazama yeye, kama kwamba mie ndiye niliyempofua mwanawe.  Kisha akamfunua yule mchanga usoni, akauliza, "Na huyu?"

Yule mchanga naye alikuwa na weupe, kama chembe ya unga katikati ya mboni. Ostermann alimpasua wiki ile ile. Mtoto yule anaona, Afrah. Kakaye haoni. Lau ningemwacha mama arudi kwao na maneno yangu matamu, wangekuwa wawili. Siku ya kutoka, yule mama alisimama mlangoni akamwambia daktari, "Mungu akuonyeshe haya kwa watoto wako."

"Anasema nini?" Ostermann akaniuliza.

"Anakushukuru, daktari."

Akacheka, na ilikuwa nadra kwake. "Umesema uwongo tena."

Habari zake mwenyewe alinieleza mara moja tu, tukiwa njiani tunatoka vijijini, dereva mbele, sie nyuma na masanduku ya vyombo katikati yetu. Baba yake alirudi kutoka vitani hana macho. Mji wao ulikuwa vifusi vitupu. Yeye alikuwa mtoto, na kazi yake ilikuwa kumshika baba mkono kumpitisha baina ya mawe. Kila baba alipojikwaa, mtoto alipigwa kibao cha sikio. "Nilijifunza kutazama," alisema.

Nikamuuliza, "Ulimchukia?"

"Alikufa hajawahi kuiona sura yangu ya utu uzima," akasema. "Utamchukia vipi mtu asiyejua sura yako?" Kisha akamkemea dereva kwamba anakwenda mbio.

Alikuwa na mke, wakikaa Qurum, nyumba yenye bustani. Mke akarudi kwao. Juu ya jambo hilo alisema, "Hakuwa mgonjwa, kwa hivyo sikumtazama." Akavaa glovu.

Sasa nakuja penyewe.

Kwanza nilikiona kikombe. Tulikuwa tukinywa chai baina ya mgonjwa na mgonjwa, na kikombe chake kilipiga kelele ndogo juu ya kisahani. Akakiweka chini haraka. Baadaye nikaona chumba cha operesheni anauegemeza mkono kwa namna asiyokuwa akiuegemeza zamani. Na kisha akaizima televisheni.

Televisheni ile ilikuwa imeungwa na darubini, imetundikwa ukutani, ili madaktari wachanga waone kile anachokiona yeye ndani ya jicho, kimekuzwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeigombania mpaka ikanunuliwa. Asubuhi moja akasema inamsumbua, izimwe. Jicho ni kitu kidogo mno, mwanangu, utakuja kuliona. Mtikisiko ambao mezani huuoni, kwenye kioo kile unakuwa kama mtu anatikisa mti. Nikafahamu. Akaniona kwamba nimefahamu. Alinitazama juu ya barakoa.

"Umeona nini, Sista?"

"Sijaona kitu, daktari."

"Vizuri."

Ilikuwa kabla ya Ramadhani. Nilifunga mwezi mzima na jambo lile kifuani, nikasali tarawehe nalo. Nilijiambia ataacha mwenyewe. Nilijiambia nani atamsikiliza muuguzi mdogo mbele ya jina kama lile. Nilijiambia pia kwamba yeye ndiye aliyenitoa katika kumwaga mikojo akanifanya mtu, na hilo lilikuwa kweli.

Baada ya sikukuu akaja Mzee Sleyum. Wewe unamjua, yule kipofu wa vitunguu Mawaleh. Unamsalimia. Ulikuwa hujui kwamba alikuja kwetu anaona. Jicho moja lilimfia utotoni kwao Bujumbura kwa surua, na lile jengine lilikuwa na mtoto wa jicho, ukungu tu, alikuwa bado anajisomea mizani yake mwenyewe kwa kuisogelea. Jicho moja la dunia nzima. Alilala mezani, mie nikamshika mkono kabla ya ganzi, na kwa kile Kiswahili chake cha bara akaniuliza, "Binti yangu, huyu daktari mkono wake mzuri?"

Nikamwambia, "Hakuna kama yeye."

Nilisema hivyo. Nilikuwa nimejua tangu kabla ya Ramadhani, na nilisema hivyo.

Chombo kiliteleza. Kile kifuko chembamba nyuma ya lenzi kikachanika, damu ikajaa. Ostermann alipigana nalo jicho lile mpaka jasho likamdondoka kwenye barakoa, na mie nikampa chombo baada ya chombo, upesi na sawasawa, hakuwa na haja ya kunipiga. Siku bendeji ilipotoka palikuwa giza. Alimwambia mwenyewe safari hii, hakuniita, kwa Kiarabu chake kibovu: "Jicho limekwisha." Kila mtu alisema mambo hayo hutokea, na kweli hutokea, hata mkono mzima hupatwa. Mzee Sleyum akasema Alhamdulillah, ni kadari. Bintiye, Zaina, akatuletea wadi nzima gunia la vitunguu kutushukuru kwa taabu yetu. Tukagawana. Nikaleta nyumbani. Ulivila, Afrah.

Na mie sikusema kitu.

Kisha ikafika zamu ya Bibi, mama yangu mie. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, alikuwa akikuita kwa jina la binamu yako. Daktari Joseph wakati huo alikuwa ameiva, ana mkono mzuri sana, nikamwambia Bibi apasuliwe na Joseph. Akakataa katakata. "Mie namtaka Othmani mwenyewe. Jicho langu halichezewi na watoto." Nilikuwa na wiki kadhaa. Ningeweza kumwambia Bibi kweli. Ningeweza kwenda chumbani kwa Ostermann, nikafunga mlango, nikamwambia, "Daktari, mkono wako umechoka, muachie Joseph." Ningeweza kwenda kwa mkuu wa hospitali. Nilikuwa nikiamka kila siku nikisema leo, na silali mpaka nimesema kesho. Nimejiuliza miaka kwa nini. Khofu ilikuwepo. Lakini nakwambia wewe, mwanangu, kwamba nyuma ya khofu palikuwa na kitu chengine: nilikuwa nangoja. Vidole vyangu vilikuwa vinangoja.

Bibi akalazwa mezani. Akatiwa ganzi, akafunikwa shuka ya kijani, likabaki jicho tu. Alikuwa macho, anasoma Qulhuwallah chini ya shuka. Joseph alikuwepo na madaktari wachanga, wamesimama ukutani. Ostermann akakaa, akaisogeza darubini, akanyoosha mkono. Nikampa kisu.

Kisu kilipofika karibu na jicho la mama yangu, mie nikanyoosha mkono kwenye swichi iliyo ubavuni mwa darubini, nikaiwasha televisheni.

Kioo kikawaka. Jicho la Bibi likajaa ukutani, kubwa kama sinia, na juu yake ncha ya kisu ikicheza. Sizidishi. Ilikuwa ikicheza huku na huku kama sindano ya cherehani.  Na mie nikasema, polepole, kwa sauti yake yeye, "Endelea, daktari. Wanakutazama."

Ningeweza kusimama hapo. Angesimama, alikuwa ameshasimama. Lakini aliinua kichwa akatazama ukutani, akakiona kisu chake mwenyewe, na akajaribu kukituliza. Alijaribu, Afrah. Mzee yule, mbele ya watoto aliowafundisha, akakishika kisu kwa mkono wa pili, na kikacheza vile vile. Swichi ilikuwa pale pale karibu na mkono wangu. Nikaiacha iwake. Nikamwacha ajaribu tena.

"Kuna nini, mwanangu?" Bibi akauliza chini ya shuka.

"Hakuna kitu, mama. Taa tu."

Ostermann akakiweka kisu kwenye sinia. Akainuka, akamwambia Joseph, "Kaa." Akatoka. Joseph akakaa, akampasua Bibi vizuri kabisa, na Bibi akaona kwa jicho lile mpaka siku ya kufa kwake, akitunga uzi mwenyewe.

Hapo ndipo hadithi ya harusini inapokwisha. Wanapiga kigelegele hapo. Mie nikafanywa muuguzi mkuu, mkuu wa hospitali akanipa mkono, akasema nimeokoa watu. Na ni kweli. Aliyekuja baada ya Bibi niliokoa jicho lake, na wa baada yake. Ni kweli, na ndiyo maana imekuwa rahisi kuihadithia.

Bibi yako hakupiga kigelegele. Alipotolewa bendeji aliniangalia sana, kama anayenikagua. Nikafikiri anafurahi kuniona. Akasema, "Kiingereza sikijui, sikufahamu ulimwambia nini yule bwana. Lakini ile sauti niliisikia. Sauti ile mie sikuilea."

"Mama, angekupofua."

"Ungemwambia nje, mlangoni. Mlango ulikuwepo."

Hakulisema tena, na hakukaa katika harusi yoyote nilipohadithia. Alikuwa anakwenda kutawadha.

Baada ya muda nikasikia Ostermann anafunga nyumba. Nikanunua halua, nikenda Qurum. Alikuja getini mwenyewe, amevaa fulana, mkono wa kulia mfukoni. Nyuma yake makartoni.

"Umekuja kusamehewa au kusifiwa?" akauliza.

"Sijui, daktari."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

Akafikiri. "Yule wa vitunguu alikuja baada ya Ramadhani."

"Ndiyo."

"Na mimi nilijua tangu kabla ya Ramadhani." Akautoa mkono mfukoni, hakuuficha tena, akapokea halua, kifuniko kikawa kinagongana na bakuli. "Ulipoiwasha ile televisheni, Sista, ungejiwashia na wewe."

Akafunga geti.

Sikumwona tena. Daktari Joseph alipita Ujerumani miaka ya baadaye akamtafuta, akamkuta katika nyumba ya kutunzia wazee. Hawezi kushika kijiko. Joseph akakaa akamlisha supu yote, mpaka ya mwisho. Alipomaliza, Ostermann akamwambia, "Hata kijiko unakishika vibaya." Joseph alinieleza huku anacheka na machozi yanamtoka. Msimu wa baridi uliofuata akafa. Hakuacha mtu wa kumlilia, ila sie huku aliotutesa, na wale wanaoona.

Sasa nakuja kwa jambo ambalo hakuna anayelijua, na limetokea juzi tu, ulipokuwa unashughulikia viza.

Nilikwenda Mawaleh. Mzee Sleyum alikuwa pale pale, kwenye kiti chake cha plastiki, Zaina anapima. Huwajua wateja kwa sauti. Nilipotoa salamu akanyanyua uso, "Sista wa macho huyo! Mungu akuzidishie, binti yangu." Miaka yote hii ananiombea dua, na mie miaka yote nanunua vitunguu kuliko tunavyoweza kula. Nikaona wewe unakwenda kusomea kazi ile ile, na mie bado nna jambo sijalisema. Nikachuchumaa karibu yake nikamwambia. Kikombe, televisheni, Ramadhani, na jibu nililompa aliponiuliza juu ya mkono. Nilifikiri nafanya jambo kubwa. Nilifikiri hata wewe ungenisifu.

Akanigeuzia sikio. Zaina aliacha kupima.

"Kwa nini umeniambia?" akauliza.

"Kwa sababu ni kweli, mzee."

"Kweli ilikuwa siku ile. Ningeshuka pale mezani nikaenda nyumbani na ukungu wangu, ningekuwa namwona huyu mtoto." Akamwelekezea Zaina mkono, na akaukosea, aliuelekeza kwenye nguzo. "Leo ya nini? Miaka yote jambo hili lilikuwa langu na Mungu tu. Nililala nalo vizuri. Sasa umeniletea mtu ndani yake. Umetua mzigo wako hapa, wewe unarudi kwako mwepesi, na mimi nianze kuchukia watu uzeeni."

"Nisamehe, mzee."

"Siwezi leo. Na kesho sijui kama nitakuwepo." Akageuza uso. "Zaina, mpimie vitunguu vyake aende."

Zaina alinipimia. Mkono wake ulikuwa hautikisiki hata kidogo, na hakunitazama. Nikapokea mfuko, nikasema ahsante, kama mteja yeyote.

Kwa hivyo usitafute katika barua hii nasaha iliyonyooka. Nilipokaa kimya nilimpofua mtu. Niliposema, nilisema sawa, na nikamvunja mzee mmoja nikafurahia kumvunja. Niliposema tena, nilimnyang'anya mzee mwengine usingizi wake. Ile ya kwanza ndiyo iliyozaa zote. Palikuwa na wakati ambapo neno dogo, mlangoni, kwa adabu, lingetosha, na wakati huo aliyelala mezani hakuwa mama yangu, ndiyo maana nikauona mrefu.

Utaona kitu huko, Afrah. Mkono wa mwalimu wako, au wa mwenzako unayempenda, au wako mwenyewe. Na aliyelala pale atakuwa mtu usiyemjua jina, anayesema lugha nyengine, atakayekuuliza kama mkono ni mzuri.

Nasikia gari ya baba yako inaingia. Mashangazi watakuwa wamekujazia kashata na maneno, na wote wamekuapisha upige simu ukifika useme umefika salama. Wapigie. Mie nipigie siku utakayomharibia mtu jicho. Itakuja, kila anayeshika kisu inamjia. Nipigie siku hiyo hiyo, kabla hujampata mtu wa kukwambia kwamba halikuwa kosa lako. Mie sitakwambia hivyo. Nitakaa na simu sikioni mpaka umalize kunieleza, na nikimaliza kusikiliza nitakwambia uende ukamwambie mgonjwa mwenyewe, hapo hapo, ungali umevaa koti la kazi.

Mungu akulinde, na akuhifadhie mikono yako.

Mama yako,
Zuwena